Mkono Begani mwa Marehemu

Leo nina watu watatu na nafasi moja, na nimeshindwa kuwapanga. Kaeni vizuri, hata wewe uliyekuja kwa kupita tu, maana mwisho wa hadithi hii sitamwacha mtu asinzie. Nitauliza, na nitangoja jibu.

Wa kwanza aliitwa Tabia. Alikuwa karani wa matangazo ya vifo katika gazeti dogo la kila wiki, Sauti ya Upareni, pale Same mjini. Kipaji chake kilikuwa macho. Ukimpa picha ya marehemu, hata iwe imekunjamana na kufifia, alijua ikatwe wapi na iachwe wapi ili mtu aonekane alivyokuwa.

Wa pili alikuwa Mzee Senkondo, zamani karani wa mahudhurio katika shamba moja la mkonge. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Majina ya vibarua hakuyatunza kichwani, kwa sababu wengi walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya kazi, cha mtu mwingine, na majina yenyewe yalikuwa ya kuazima. Alichokishika ni alama alizoziandika daftarini: huyu ana kovu kwenye nyusi, yule sikio lake limechanika. Miaka thelathini baadaye angekutajia moja baada ya nyingine, na wewe ungechoka kusikiliza kabla yeye hajachoka kutaja.

Wa tatu alikuwa Chausiku, muuza mitumba aliyezunguka kambi za wachimbaji na furushi lake kichwani. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Aliweza kumuuzia koti mtu anayetiririka jasho, na mtu huyo akaondoka amelivaa, tena anashukuru.

Watu hawa watatu walikuja kuunganishwa na kifo cha mama mmoja wa milimani, Mama Naelijwa, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akiwa hai.

Mama Naelijwa alikuwa na binti, Namkunda, aliyemuuguza hadi mwisho. Ijumaa moja, akiwa amebakiwa na pumzi chache, alimwita Namkunda, akamwita na shemeji yake, yaani baba mdogo wa Namkunda, ili maneno yake yawe na shahidi. Akasema, "Msinifukie kabla Kiangi hajanitupia udongo." Wakamwitikia. Kisha akasema, "Nilizaa watatu. Wa mwisho nilimzika ana siku tisa, hata jina alikuwa hajapata. Nafasi yake ipo. Atakayemleta Kiangi aje anizike, huyo ndiye mtoto wangu wa tatu. Ataandikwa pamoja na wenzake, atakuwa na chumba ndani ya nyumba hii, na siku yake ikifika atazikwa hapa pamoja na ndugu zake."

Baba mdogo akauliza, "Na wakimleta wawili, shemeji?"

"Mmoja," akasema mama. "Sikuzaa wanne."

Jioni ile akafariki, na Namkunda akabaki na kazi ya kumtafuta kaka yake ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza.

Ndiyo, yeye. Miaka ishirini na miwili nyuma, kwenye matanga ya baba yao, Namkunda alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia Kiangi kwamba hakumshika baba mkono hata siku moja ya ugonjwa, na sasa amekuja kula wali wa msiba. Kiangi aliweka sahani chini, akavuka uwanja na kuondoka mchana ule ule bila hata begi. Wiki ile hasira za Namkunda zilikuwa bado zinachemka. Akachukua mkasi, akachukua picha pekee ya mama yao iliyokuwa nzuri, ya siku ya kipaimara, akamkata Kiangi akamtoa. Lakini Kiangi katika picha ile alikuwa ameuzungusha mkono wa kushoto nyuma ya mama, na vidole vyake vikatokeza kwenye bega la pili. Mkasi haukuweza kuufikia mkono huo bila kumkata mama. Ukabaki pale begani, mkono usio na mwenyewe, kidole kidogo hakipo na cha pete kimepinda, kwa sababu utotoni kinu cha miwa kilimnasa.

Mama aliipokea picha hiyo bila kusema neno, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Heri angegombeza. Namkunda aliishi na ule ukimya miaka yote hiyo, na kila mama alipofungua kitabu kanisani, yeye aliangalia pembeni.

Jumamosi asubuhi Namkunda aliteremka Same na picha ile, mpaka kaunta ya Sauti ya Upareni. Tabia alimpa pole, akamvutia kiti, akaanza kuandika.

"Watoto wa marehemu, dada?"

"Kiangi na Namkunda. Namkunda ni mimi."

"Kiangi anaishi wapi?"

"Tungejua tusingekuja kwako. Andika habari hizi zimfikie popote pale alipo. Mazishi Jumamosi ijayo." Kisha akasukuma picha mezani. "Na huo mkono ukate."

"Ni mkono wa nani?"

"Wa mtu. Wewe ukate tu."

Alikuwa anamtafuta kaka yake kwa moyo wote, na hapo hapo aliona aibu watu wa milima yote ya Upareni waione picha na kuulizana ni nani aliyekatwa, na mkasi ulikuwa wa nani. Msimlaumu sana. Msiba humfanya mtu atake mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Sasa nawaambia kilichofanywa na kila mmoja, nanyi mpime.

Tabia aliiweka picha mezani akaufunika ule mkono kwa kipande cha karatasi. Akaona mama wa watu anainama upande, kama anayeanguka. Akafunua; mama akasimama. Akajaribu kukata juu zaidi, uso peke yake, lakini shingo ilikuwa imelala kuelekea kwa mtu asiyeonekana. Agizo la mwenye msiba ni amri pale gazetini, na karani aliyemtangulia Tabia alifukuzwa kwa kubadilisha neno moja tu la tanzia. Mhariri alipopita akauliza, "Huo mkono vipi?" Tabia akajibu, "Ukiuondoa, marehemu anaanguka." Mhariri akatazama, akaenda zake. Gazeti likatoka Jumatatu, na mkono ukiwa begani. Tabia hakujua mkono ule ni wa nani wala utafanya nini. Alichokataa ni kumchapisha mama wa mtu akiwa anaanguka.

Mzee Senkondo alilinunua gazeti Jumatatu ile ile, akaanzia ukurasa wa vifo kama kawaida yake, maana umri ule mtu husoma kwanza habari za wenzake. Jina la Kiangi halikumwambia kitu. Vidole vikamwambia. Alikumbuka kijana aliyeandikishwa mkongeni kwa kipande cha Idi Ramadhani, na alama aliyoiandika kwa mkono wake: kushoto, kidole kidogo hakipo, cha pete kimepinda. Alikumbuka pia kwamba kijana yule alimwambia siri yake, kwamba Idi si jina lake na kwao hataki kujulikana alipo, naye Senkondo akamwapia kwamba hatamtaja kwa mtu. Walikuwa wameshaachana zamani, lakini alisikia kwamba shamba lilipofungwa, Idi alihamia kwenye mashimo ya jasi, Makanya. Jumatatu ikapita hajasema. Jumanne ikapita, chakula hakipandi. Jumatano Chausiku alipoingia uani kwake kumwonyesha mashati, Mzee Senkondo akavunja kiapo cha miaka ishirini.

"Huko Makanya kwenye jasi unafika?"

"Kesho naenda, mzee."

"Mtafute Idi asiye na kidole. Mpe gazeti hili. Mwambie mama yake anazikwa Jumamosi, na mwambie ni mimi niliyesema."

Chausiku alifika mashimoni Alhamisi, jua likiwa kali, akatembea shimo hadi shimo akiuliza. Watu wakamwelekeza kwa mwanamume mwenye nywele nyeupe kwa vumbi la jasi. Akampa gazeti. Kiangi akasoma mara mbili, akalikunja, akalirudisha. "Mimi nilishaondolewa katika familia hiyo," akasema. "Hata hapa nimekatwa, huoni? Umebaki mkono tu." Akageuza mgongo akashika sururu. Chausiku hakujua chochote cha nyumba ile zaidi ya majina yaliyo kwenye tangazo. Lakini alijua kumsimamisha mteja anayeondoka. Akamwambia, "Mkono haukubaki kwa bahati. Gazetini walitaka kuukata. Dada yako ndiye aliyekataa, akasema mkono wa kaka yangu usiguswe." Kiangi akaweka sururu chini. Kisha akauliza kama kuna gari la kwenda Same kabla ya Jumamosi.

Jumamosi, jeneza likiwa tayari ukingoni mwa kaburi na baba mdogo ameshatazama saa mara tatu, mwanamume mwenye nywele nyeupe akapanda mlima. Namkunda alimtambua kwa hatua zake. Kiangi akachota udongo kwa mkono wa kushoto akamtupia mama yake, na watu wakalia upya, hata wale waliokuwa wameshamaliza kulia.

Walipotoka kaburini alimshika dada yake bega. "Nimesikia ulichofanya gazetini," akasema. "Kuhusu mkono. Ningeambiwa umebaki kwa bahati mbaya, nisingekuja. Ningekufa huko huko."

Namkunda alifungua kinywa. Jumatatu ile alipoliona gazeti alikuwa amekasirika, akaapa kwenda kumgombeza yule karani msiba ukiisha. Sasa kaka yake alikuwa anamshukuru kwa jambo alilolikataza. Akafunga kinywa.

Siku arobaini zikapita namna hiyo. Kiangi akaziba bati lililokuwa linavuja, akapalilia migomba, jioni akakaa jikoni akimsimulia Namkunda habari za mkonge na jasi. Ndugu wawili hao hawakuwahi kupendana vile hata walipokuwa watoto. Kila Kiangi alipocheka, Namkunda alifurahi, kisha akainama kuchochea moto. Alikuwa amempata kaka yake kwa neno la uongo, na hakujua kama uongo huo ni wa Chausiku peke yake, au umeshakuwa wake pia kwa kunyamaza.

Siku moja Chausiku alipopita milimani na furushi lake, Namkunda alimvuta kando. "Nani alikwambia mimi ndiye niliyekataa mkono usikatwe?"

"Hakuna. Nilibuni," akasema Chausiku. "Mtu alikuwa anaondoka, dada. Kwani si kweli?"

Namkunda akamkaribisha chai.

Siku ya arobaini ukoo uliwaita wale wawili waliotajwa na Kiangi, ukakaa uwanjani kumtafuta mtoto wa tatu, na mnawajua watu wa milima ile kwa kupenda kesi. Walikuja mapema, wakaleta na viti vyao. Mzee Senkondo akasimama kwa fimbo. "Nina miaka sabini na mmoja," akasema. "Marehemu nilimzidi mitatu. Mtaniona kituko nikitaka kuwa mwanawe. Lakini huyu Kiangi nilimficha kama ndugu yangu, nikamsaliti kama ndugu yangu. Bila mimi, mkono ule ni picha tu. Nikikaa naye kama ndugu kweli, pengine kiapo nilichokivunja kitanisamehe."

Nusu ya uwanja ikaguna kwa kukubali.

Chausiku akasimama. "Mimi nyumba yangu ni furushi," akasema. "Ndoa ilinishinda, kwetu waliniambia nirudi kwa mume. Sijawahi kuwa na mlango nikaufunga kwa ndani. Mzee alijua alipo mtu, sawa. Lakini kujua alipo si kumleta. Mtu alikuwa amekataa. Nani alimgeuza?"

Nusu nyingine ikaguna.

Mmoja akasema Senkondo alichelewa siku mbili, na siku mbili zilitosha kumzika mama bila mwana. Mwingine akasema Chausiku alitumwa tu, na aliyetumwa hapewi cha aliyemtuma. Mwingine akauliza mbona hawamtaji aliyeuacha mkono pichani, kwani bila mkono Senkondo angesoma na kupita. Kiangi akacheka. "Huyo ni dada yangu," akasema, "na yeye ni mtoto tayari." Watu wakampigia Namkunda makofi. Akainama akaangalia viatu vyake.

Wakamwuliza Kiangi achague. "Mimi ndiye niliyeletwa," akasema. "Mzigo hauchagui mbebaji."

Baba mdogo akafunga kikao. "Maneno alipewa Namkunda kitandani, basi Namkunda ataamua. Na jina litoke kwenye tangazo la shukrani, gazetini, kila mtu alione. Jina moja. Nisije nikafa nimeacha kesi."

Namkunda hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa ameamua. Angemtaja Mzee Senkondo. Yeye alisema kweli, na kumtaja yeye hakungegusa jambo lolote lililofichwa. Akaandika rasimu nzuri ya shukrani: madaktari, kwaya, majirani, si rahisi kumtaja kila mmoja. Akaacha mstari mmoja wazi wa mtoto wa tatu, auandike akifika. Kiangi akasema atamsindikiza.

Same walimkuta Tabia kwenye kaunta yake. Kiangi akasimama mlangoni akisoma magazeti yaliyobandikwa ubaoni. Tabia alipomtambua Namkunda, uso wake ukabadilika. Akainama mezani akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nilikukosea. Uliniambia nikate, nikaacha makusudi. Nilijaribu, mama akawa anaanguka. Nimekungoja siku zote hizi uje unishtaki kwa mhariri. Kama umekuja kwa hilo, una haki."

Namkunda akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Siku zote hizo alidhani ni uzembe tu, wa karani au wa fundi wa mitambo aliyesahau. Kumbe kulikuwa na mtu, na mtu huyo alihatarisha kazi yake kwa ajili ya mama asiye wake, akimkaidi yeye.

"Kwa nini?" akauliza. "Mama yangu alikuhusu nini?"

Tabia akapanga karatasi zake zilizokuwa zimeshapangwa. "Nililelewa na masista, dada. Nawaandikia watu orodha za ndugu kila siku. Mke wa fulani, mama wa fulani, shangazi wa fulani. Mimi siku yangu ikifika, sijui ataandikwa nani chini ya jina langu. Basi mama wa mtu nikimpata mezani, nashindwa kumharibu."

Hakujua habari za nafasi ya mtoto wa tatu. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alikuwa ndani ya hadithi hii.

Namkunda alitazama mlangoni. Kiangi alikuwa bado anasoma, mkono wa kushoto umeshika mwimo wa mlango. Akimtaja Tabia, Kiangi atauliza kwa nini, na itabidi asikie kwamba dada yake aliagiza mkono ukatwe mara ya pili. Alishasema nini angefanya kama angejua. Akimtaja Chausiku, atakuwa ameulipa uongo, lakini uongo huo ndio uliomtoa Kiangi shimoni, na ndio unaomweka nyumbani. Akimtaja Senkondo kama alivyoamua, kila kitu kitabaki kimya, na karani huyu ataandika kwa mkono wake mwenyewe jina la mwingine mahali palipokuwa pake. Wote watatu walimleta. Ukimtoa mmoja yeyote, mama angezikwa bila mwana. Na mama alisema mmoja.

"Tuanze, dada," akasema Tabia akivuta rasimu. "Watoto wa marehemu. Wa kwanza Kiangi." Akaandika. "Wa pili Namkunda." Akaandika. "Hapa umeacha wazi. Wa tatu nani?"

Kiangi akaacha magazeti, akaja akasimama nyuma ya kiti cha dada yake ili naye asikie.

Na mimi naishia hapa, kwa sababu zaidi ya hapa sijui. Tabia anasubiri, kalamu iko juu ya karatasi, na Namkunda amegeuka anawatazama nyinyi mliokaa hapa. Haya, msitazamane. Mwambieni aandikishe jina la nani, na mwambieni pia atamjibu nini kaka yake akiuliza sababu.